Mazoezi ya mguu wa paka, Malindi: kijana yuko sawa, mapokezi Mungu aniepushe

Kliniki hii ya wanyama usiende asubuhi. Asubuhi ndipo anapokaa yule dada wa mapokezi.

Nimefika na paka wangu kikapuni, paja limenyolewa, nyuzi bado ziko, pesa nimeshatuma kwa M-Pesa. Namwambia nimemleta kwa mazoezi. Akaangua kicheko. "Mazoezi ya paka? Mama, si upande basi la Lamu ukaokote mwingine? Kule wamejaa tele." Ananiambia mimi, mzaliwa wa Lamu! Na waliokuja na mbuzi wao wakacheka naye.

Paka huyu aligongwa na tuktuk, daktari wa mifugo akamwondoa kichwa cha mfupa wa paja, ile ncha ya duara inayoingia kwenye nyonga. Hawekewi kingine. Kovu na nyama ndizo zinazoshika pale mfupa ulipokuwa, na mguu usipotumiwa mapema nyonga inakakamaa. Ukimfungia tu apumzike, umemlemaza. La kuchekesha liko wapi?

Halafu akaingiza mkono kikapuni, akauvuta ule mguu. "Si huu unanyooka?" Paka alilia mpaka mbuzi wakanyamaza. Nilimjibu maneno yasiyoandikika, nikaapa sitakanyaga tena pale.

Ila kijana wa mazoezi akatoka mbio, akamchukua paka bila neno, na huyo siwezi kumsema vibaya. Alianza na kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya paja mpaka nyama ikalegea. Kisha akakunja goti na nyonga pamoja, polepole, kama mguu unaoendesha baiskeli, macho yake yako kwenye masikio ya paka. Masikio yakilala, anaacha. Akanifanyisha na mimi mbele yake mpaka akaridhika. Akanikanya pia kuhusu Panadol: inaua paka, hata kidogo usimpe. Na jirani yangu alikuwa ameshaniletea kidonge, maskini, kwa nia njema!

Sasa mguu anaukanyaga. Juzi kapanda meza ya jikoni kaiba samaki changu mzima, nikabaki kushangilia badala ya kumfukuza.

Kwa hiyo nenda, nyota tano. Hapana, tatu. Kila nikikumbuka kile kicheko, zinapungua. Wenye kliniki wanamweka mtu asiyependa wanyama mlangoni kwa nini? Mimi nitarudi, lakini miadi nimeomba ya jioni, na akiwepo yule dada nitasubiri nje juani na kikapu changu.