Simu Tano za Android kwa Mpangilio: Ipi Ununue na Kwa Nini

Ukitaka jibu la haraka, nunua Google Pixel 9a, mradi inauzwa rasmi katika nchi utakayoitumia. Isipouzwa rasmi huko, chukua Samsung Galaxy A56. Anayependa kioo kikubwa na kamera ya kuvuta vitu vya mbali, na hataki kulipia simu ya daraja la juu, Nothing Phone (3a) inamfaa. Bajeti ikibana inabaki Samsung Galaxy A16, ila ile yenye RAM (kumbukumbu inayoshikilia programu zilizo wazi) ya GB 6 au 8 tu, na nyuma yake Redmi Note 14 ya 4G.

Mpangilio huu utamshangaza anayesoma namba za kwenye boksi, maana simu ya mwisho ndiyo yenye kamera ya megapikseli 108 na betri kubwa kuliko zote tano. Hatukuzipanga kwa namba hizo. Swali lilikuwa moja: baada ya miaka minne, ipi bado itategemewa kwa benki, kazi na mawasiliano? Simu nyingi za Android huwekwa kando zikiwa nzima kabisa. Hifadhi imejaa, RAM haitoshi, betri haifiki jioni, au programu ya benki imegoma kufunguka kwenye Android ya zamani.

Masasisho kwanza

Kuna aina mbili za masasisho na wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni toleo jipya la Android, mfano kutoka 15 kwenda 16. Ya pili ni viraka vya usalama, ambavyo huziba mianya ambayo wezi wa taarifa tayari wanaijua. Ukikosa matoleo mapya utakosa vitu vipya. Ukikosa viraka, simu yako iko wazi. Kwa hiyo ahadi ya "miaka sita" haina maana mpaka ujue ni miaka sita ya kipi.

Pixel 9a, iliyoingia sokoni Aprili 2025, imeahidiwa miaka 7 ya vyote viwili. Galaxy A56 ya Machi 2025 ina matoleo 6 ya Android na miaka 6 ya usalama, na Galaxy A16, ingawa ni simu ya bei ya chini, imepewa ahadi hiyohiyo. Nothing Phone (3a) inapata matoleo 3 tu ya Android lakini miaka 6 ya usalama. Redmi Note 14 hupata matoleo machache kuliko hizo za Samsung.

Hesabu huanza simu inapotoka, si siku uliyoifungua boksi. A16 ilitoka mwishoni mwa 2024. Atakayeinunua mpya mwaka 2027 atakuwa amebakiwa na takriban nusu ya muda ule. Ndiyo maana simu ya zamani iliyopunguzwa bei haiwi nafuu kila mara: gawanya bei kwa miaka ya usalama iliyobaki, kisha linganisha.

RAM na hifadhi, mahali watu wanapopunjwa

RAM ya GB 4 haitoshi tena. Android yenyewe na huduma za Google huchukua sehemu kubwa, kinachobaki kinagombaniwa. Utaijua kwa dalili hii: unaandika ujumbe, unahamia kwenye kamera kupiga picha ya kuambatanisha, ukirudi ujumbe umefutika kwa sababu mfumo umeifunga ile programu ili kamera ipate nafasi. Hakuna mpangilio wa kutibu hilo. Chukua GB 6 kama kiwango cha chini kabisa, na GB 8 kama unakusudia kukaa na simu zaidi ya miaka mitatu.

Jihadhari na boksi linalosema "RAM GB 16" kwenye simu ya bei ndogo. Mara nyingi ni GB 8 halisi pamoja na GB 8 za kuazima kutoka kwenye hifadhi. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo nyongeza hiyo husaidia kidogo kutunza programu zilizolala, haiipi simu kasi. Tena inakula nafasi ya picha zako. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, uangalie namba iliyo kabla ya alama ya kujumlisha. Hiyo ndiyo RAM uliyonunua.

Kwa hifadhi, GB 128 inamtosha anayetuma ujumbe na kupiga picha kiasi. Kumbuka kwamba mfumo na programu zilizokuja na simu zimeshachukua sehemu ya hizo. Anayerekodi video, au aliye kwenye makundi mengi ya WhatsApp ambayo video hupakuliwa zenyewe, achukue GB 256. Hifadhi ikikaribia kujaa, simu huwa nzito na masasisho hugoma kusakinishwa kwa kukosa nafasi. Acha wazi angalau sehemu moja ya kumi. Pixel 9a, A56 na Nothing (3a) hazina nafasi ya memori kadi, hivyo uamuzi wa siku ya kununua ndio wa mwisho. A16 na Redmi Note 14 zinayo, lakini kadi hukaa kwenye nafasi ya laini ya pili: ukitumia laini mbili, kadi haina pa kukaa.

1. Google Pixel 9a

Prosesa (ubongo wa simu) ni Tensor G4, RAM GB 8, kioo cha inchi 6.3 chenye 120 Hz (picha hubadilika mara 120 kwa sekunde), betri ya mAh 5,100 (kipimo cha uwezo wa betri), na uzito wa gramu 186. Ni ndogo kuliko nyingine hapa, inashikika kwa mkono mmoja. Kioo kinasomeka vizuri juani, na kinga ya IP68 dhidi ya vumbi na maji ndiyo ya juu kuliko zote katika orodha hii.

Kamera yake kuu ina megapikseli 48 na kihisi (sehemu inayopokea mwanga) kidogo kuliko cha A56 na hata cha Redmi, lakini picha za watu wanaosogea, watoto hasa, na picha za usiku hutoka vizuri zaidi kuliko za hizo nyingine nne. Kazi kubwa inafanywa na programu: simu huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo kuwa moja.

Ina mambo manne ya kujua kabla ya kulipa. Inapokea laini moja ya plastiki tu, ya pili lazima iwe eSIM, laini ya kidijitali isiyo na kadi. Kama mtandao wako hauna eSIM, hutatumia laini mbili. Pili, mahali ambapo Google haiuzi Pixel rasmi, simu za sauti kupitia 4G na huduma ya 5G zinaweza zisifanye kazi kwenye mtandao wako, na waranti inakuwa ya shida. Tatu, kioo kimekingwa kwa Gorilla Glass 3, ya zamani, hivyo weka protekta siku ya kwanza. Nne ni betri. Baada ya mizunguko 200 ya chaji (mzunguko mmoja ni matumizi ya asilimia 100 ya chaji kwa jumla), mfumo huanza kupunguza volti ya juu ya betri kidogokidogo hadi mzunguko wa 1,000, ili izeeke salama, na kwenye 9a huwezi kuzima jambo hilo. Ukiona chaji haikai kama mwanzo baada ya mwaka, simu haijaharibika.

2. Samsung Galaxy A56

Hii ndiyo chaguo la wengi kwa sababu rahisi: Samsung ina mafundi na vipuri karibu kila mahali. Kioo ni inchi 6.7, prosesa Exynos 1580, betri mAh 5,000, kinga ya IP67, na mbele na nyuma kuna Gorilla Glass Victus+, imara kuliko ile ya Pixel. Kwa gemu nzito zinazochezwa muda mrefu na kwa video ndefu, kioo hiki kikubwa kinastahili.

Inachaji kwa wati 45, ila chaja haimo kwenye boksi, na hapo ndipo wengi hukwama. Chaja yoyote iliyoandikwa wati 45 haitoshi. Tafuta yenye USB Power Delivery pamoja na PPS (kanuni za kuchaji haraka ambazo simu na chaja huelewana kwazo), na waya wa ampea 5. Ukikosa kimojawapo, simu itachaji kwa kasi ndogo na hutaona onyo lolote, utadhani ni mbovu.

Kamera kuu ni nzuri mchana. Usiku iko nyuma ya Pixel, na watu wanaotembea hutoka na ukungu kidogo. Ile kamera ya tatu ya megapikseli 5, ya vitu vya karibu sana, isikuvutie.

3. Nothing Phone (3a)

Ni simu pekee kati ya hizi tano yenye kamera tofauti ya kuvuta: megapikseli 50, mara mbili. Kwa picha za uso ni tofauti inayoonekana, kwa kuwa hulazimiki kumsogelea mtu mpaka pua ikuzwe. Prosesa ya Snapdragon 7s Gen 3 haina papara, haipati joto kirahisi, na betri ya mAh 5,000 inamaliza siku. Mfumo wake ulitoka ukiwa msafi.

Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa yale matoleo matatu ya Android na kwa kinga ya IP64, ambayo ni ya matone ya maji na si ya kuzama. Pia ina kitufe cha ziada chini ya kile cha kuwashia, na vidole huvichanganya wiki za mwanzo.

4. Galaxy A16 na 5. Redmi Note 14 ya 4G

Tunaziweka pamoja kwa sababu A16 ya 4G na Redmi Note 14 zinatumia prosesa ya ukoo mmoja, Helio G99. Xiaomi huiita G99 Ultra. Kasi yake inatosha kwa mitandao ya kijamii, ramani na video. Gemu nzito punguza ubora wa picha.

Ukizishika zote mbili dukani utaipenda Redmi. Kioo chake kina 120 Hz dhidi ya 90 Hz, betri ni mAh 5,500 dhidi ya 5,000, chaji ni wati 33 dhidi ya 25, ina spika mbili, na ina tundu la hedifoni ambalo A16 haina. Hatuwezi kumlaumu anayeichagua kwa hayo, hasa kama hubadilisha simu kila baada ya miaka miwili. Jambo kubwa ambalo A16 inaishinda ni ile miaka sita ya masasisho. Na kwa A16 ya GB 4 ahadi hiyo ni ya karatasini: matoleo ya Android ya mbeleni yatakuwa mazito kuliko RAM yenyewe. Ndiyo maana ile hatuipendekezi kwa bei yoyote.

Zile megapikseli 108 za Redmi zinahitaji maelezo. Katika hali ya kawaida simu huunganisha vitone tisa kuwa kimoja, na picha inayotoka ni ya megapikseli 12. Kamera mbili za megapikseli 2 zilizo pembeni yake hazina kazi ya maana, wakati A16 angalau ina kamera ya kuona eneo pana, ingawa ni ya megapikseli 5. Jambo jingine kwa Redmi ni matangazo ndani ya programu za mfumo. Yanazimwa kwa kuingia mipangilio ya kila programu na kuondoa mapendekezo.

Kabla hujalipa

Piga *#06#. Namba za IMEI (utambulisho wa kipekee wa simu) zitakazotokea zilingane na za kwenye boksi na zile zilizo kwenye Kuhusu simu. Zikitofautiana, acha. Kisha fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia Mipangilio, halafu Kuhusu, usome hali ya uidhinishaji wa Play Protect, yaani kama Google imeithibitisha simu hiyo. Simu isiyoidhinishwa inaweza kukataliwa na programu za benki. Angalia pia tarehe ya kiraka cha usalama chini ya Toleo la Android.

Kwa betri, ipo njia ya kulinganisha bila kutegemea tangazo. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya lazima betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na kila modeli ina lebo inayoonyesha idadi ya mizunguko, daraja la kuhimili kuanguka na daraja la kutengenezeka. Lebo hizo ziko wazi mtandaoni, na zinamsaidia hata anayenunua nje ya Ulaya, ili mradi modeli ni ileile kwa herufi na namba.

Ukinunua iliyotumika, weka picha nyeupe kioo kizima, halafu ya kijivu, mwanga ukiwa juu: vivuli vya vitufe vilivyoganda ni dalili ya kioo kilichochoka, na kioo ni kati ya vipuri ghali zaidi. Kwa Samsung, *#0*# hufungua ukurasa wa kujaribu kioo, spika na vihisi. Kisha mwambie mwenye simu aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, ndani ya Mipangilio, kabla ya kuifuta simu yote. Akiifuta bila kuiondoa, au ikifutwa kwa vitufe vya pembeni, itakapowaka inaweza kudai nenosiri lake. Subiri iwake upya na uingie kwa akaunti yako ukiwa bado hapo, kabla hela haijatoka mfukoni.