Plasta ya jasi kwa kusubu nafasi tupu: inachoshika na inachoharibu

Anayetaka kusubu nafasi iliyo chini ya kiti au ndani ya kabati, yaani kuijaza kitu cha majimaji kigande na kuchukua umbo lake, ana vitu vinne vikuu vya kumimina: plasta ya jasi, zege, resini (plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) na silikoni. Kwa kazi inayotaka kuonyesha kwamba kitu kimeishi na watu, plasta inashinda. Hiyo ndiyo plasta wanayofungia mfupa uliovunjika, si ile ya saruji ya kupigia ukuta. Ikiwa mbichi ina maji mengi, hulowesha vumbi, masizi na rangi iliyolegea, kisha ikiganda hubanduka navyo. Mchongaji wa Uingereza Rachel Whiteread alisubu kwa plasta chumba kizima cha nyumba ya zamani ya London, kazi aliyoiita Ghost (1990), na masizi ya mahali pa moto yakabaki kwenye weupe wake. Kwa kazi ya namna hii, doa kama lile lina thamani kuliko umbo lenyewe.

Tuipime plasta kwa kiti cha mbao ambacho nafasi yake ya chini ni sentimita 40 kwa 40, kina 45. Ujazo ni lita 72. Ukijaza pote, jiwe litakalotoka, likiwa bichi, litazidi kilo 110, na watu wawili hawaliinui salama. Kwa hiyo kiti hupinduliwa miguu juu, kikazungushiwa plaiwudi nje ya miguu, mianya ikazibwa kwa udongo wa mfinyanzi, kisha katikati likawekwa bonge la povu gumu (kama lile la kufungashia televisheni) la sentimita 30 kwa 30 kwa 40, likiachiwa sentimita 5 kila upande na sentimita 5 chini. Plasta inayohitajika inashuka hadi lita 36.

Hapa wengi huumia. Povu huelea, na plasta mbichi ni nzito kuliko maji: bonge hilo husukumwa juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 55. Kuweka tofali juu yake hakutoshi. Pitisha mbao mbili juu ya bonge na uzifunge kwa skrubu kwenye kuta za plaiwudi kabla ya kumimina tone la kwanza.

Kipimo cha kawaida ni maji sehemu 70 kwa plasta sehemu 100, kwa uzito. Kwa kiti hiki andaa ndoo tano, kila moja lita 5 za maji na kilo 7 za plasta. Plasta ndiyo inayochekechwa juu ya maji, kamwe si maji juu ya plasta, vinginevyo madonge hayaishi. Iache inywe maji dakika moja au mbili, kisha koroga polepole chini ya uso wa maji ili hewa isiingie. Ndoo zote zikorogwe karibu kwa pamoja, na watu wawili. Ndoo ya pili ikichelewa hadi ya kwanza ianze kuganda, mstari wa kiungo utaonekana kama kovu, na baadaye ufa utafuata hapohapo. Ndoo iwe safi pia: mabaki ya plasta ya jana huharakisha kuganda, na unaweza kupoteza ndoo nzima mkononi.

Udhaifu mkubwa wa plasta ni kwamba hutanuka kidogo inapoganda, asilimia 0.2 au 0.3 hivi. Hilo huisukuma ndani ya kila mkwaruzo wa mbao, ndiyo maana alama hutoka kali. Lakini pia huibana miguu ya kiti, na mbao isiyozibwa hunywa maji ikavimba, mbano ukazidi. Kiti chenye miguu inayopungua unene kuelekea chini, kisicho na vipingo kati ya miguu, hutoka. Chenye vipingo hakitoki, kitakatwa. Amua mapema kama uko tayari kukipoteza.

Mafuta ya kuachanisha, yanayopakwa ili plasta isigande na mbao, ndiyo yanayoamua kazi itasema nini. Vaselini iliyopakwa nene hufunika nyuzi za mbao, na utakachosubu ni mistari ya brashi. Ipashe moto ilainike, ipake nyembamba, ifute kwa kitambaa. Ukitaka madoa yahamie kwenye plasta, acha sehemu hizo bila mafuta, ukijua mbao inaweza kung'ang'ania.

Zege huvumilia kukaa nje kuliko plasta. Msanii wa Marekani Bruce Nauman alilitumia kusubu nafasi ya chini ya kiti chake miaka ya 1960. Plasta haifai kuachwa kwenye mvua. Resini ya poliesta hupitisha mwanga vizuri mno, lakini husinyaa asilimia 5 hadi 8 ya ujazo, hutoa mvuke mkali, na ikimiminwa nene kwa mkupuo mmoja hupasuka kwa joto lake. Silikoni ni ya kutengenezea kalibu (chombo cha kumiminia umbo) ukitaka nakala nyingi. Ile inayogandishwa kwa platinamu ndiyo inayodumu, ila udongo wenye salfa au glovu za mpira asilia huizuia kuganda.

Usizamishe mkono kwenye plasta inayoganda, maana bonge kubwa hupata joto la kuunguza. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Baada ya kutoa kalibu, kumbuka kwamba kati ya lita 25 za maji ulizotumia, takriban 18 bado zimo na lazima zitoke kwa hewa tu. Joto likipita nyuzi 50 plasta huanza kurudi unga. Pima uzito kila siku, na usipake wala kusafirisha chochote mpaka mizani isimame.