Chuchu Bandia: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Malalamiko ninayoletewa siku hizi yanafanana mno. Mama anachemsha chuchu bandia, ile ya kumtuliza mtoto isiyo na maziwa, kama alivyoelekezwa, anaianika, mtoto anaendelea nayo, halafu siku moja anaimulika dirishani na kuona vidoa vyeusi. Haviko juu, viko ndani, kule ambako brashi haifiki wala kitambaa hakipenyi. Wengine wanaongeza kwamba mtoto ana utando mweupe kinywani, unatibiwa, unaisha, unarudi. Siwezi kuinyooshea kidole chuchu kila mara, ila fangasi wa kinywa hupenda sana kitu chenye unyevu kinachoingia na kutoka mdomoni. Daktari akikupa dawa ya mtoto na asitaje chuchu, mtajie wewe.

Kwa hiyo nimezipanga hizi kwa swali moja ambalo pakiti hazilijibu: maji yakiingia ndani, yanatoka vipi? Rangi na picha za dubu sina neno nazo. Ukubwa kwa umri umeandikwa, soma. Kisahani cha mbele, kile kinachobaki nje ya midomo, nitakigusa mara moja tu: Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, AAP, kinashauri upana usiopungua inchi 1.5, yaani kama milimita 38, pamoja na matundu ya hewa, ili kisiingie chote mdomoni na hata kikiingia mtoto apate pumzi. Chini ya hapo usinunue.

Sasa turudi kwenye maji. Chuchu nyingi zimeunganishwa kwa vipande: kichwa anachonyonya mtoto, kisahani, na kishikio au pete kwa nyuma. Kile kichwa ni kitupu ndani, na mara nyingi kuna katundu kadogo kwa nyuma ili hewa itoke mtoto anapobana na irudi anapoachia. Ukiichemsha, hewa iliyomo inatanuka na kutoka. Ikipoa ikiwa bado sufuriani, hewa inasinyaa na kuvuta maji yaingie mahali pake. Ndiyo maana watu wanaochemsha kwa bidii ndio hao hao wanaokuta maji ndani. Ibane kwa vidole viwili utaona tone linakimbia huku na huko kwenye kile kichwa, halitaki kutoka. Tone hilo likikaa humo, pamoja na mate, ndipo ukungu unapoanzia. Na likiwa bado la moto, mtoto akibana kwa fizi, linamwunguza.

Niliwahi kumwonyesha muuzaji hilo katundu. Akaniambia kwa uso mkavu kwamba ni hitilafu ya kiwandani, akanibadilishia. Niliyopewa ilikuwa na katundu lile lile.

Nafasi ya kwanza naipa Philips Avent Soothie, na sijifanyi sina upande. Ni kipande kimoja cha silikoni, haina kiungo, haina pete ya kuchomoka, na kichwa chake kiko wazi kwa nyuma. Unaingiza kidole, unasugua kwa sabuni, unasuuza, unakung'uta, unatazama ndani kwa macho yako. Imekwisha. Hakuna cha kukisia. Hospitali nyingi za Marekani huwapa watoto wachanga chuchu hii hii, na ukiishika unaelewa kwa nini: haina mahali pa kuficha uchafu. Nimekuwa nikiwaambia wazazi hivyo muda mrefu na bado wananirudia na picha za ile yenye kishikio cha dhahabu.

Ina kasoro zake. Ni nzito kidogo, na mtoto mchanga asiyejua kubana huitema kila saa, utaamka kuirudisha. Kisahani chake kinalala juu ya ngozi, mate yanabaki chini, na mtoto mwenye ngozi nyepesi anatoka vipele kuzunguka mdomo. Mfute, mwache akae bila chuchu kwa muda. Na meno yakishaota, silikoni haisamehe: jino likishatoboa, ufa unatembea. Ivute kwa nguvu kila asubuhi, kichwa upande mmoja na kisahani upande mwingine. Ukiona hata mkwaruzo unaofunguka, tupa.

Ya pili ni MAM, ya Austria, kampuni iliyoanza mwaka 1976. Hawa kisahani wamekifikiria: kimepinda kufuata uso na matundu yake ni makubwa, kwa hiyo wenye vipele niliowataja watapumua. Nyingi zinakuja na kiboksi unachotia maji kidogo na kukiweka kwenye maikrowevu, chuchu ikasafishwa kwa mvuke. Ni rahisi, nakubali. Lakini mvuke nao ni maji. Ikishapoa, ibane mara kadhaa, ikaushe tundu likiwa limeelekea chini, ndipo uifunge kwenye kiboksi. Ukiifunga mbichi umeitengenezea ukungu nyumba.

Ya tatu, NUK. Hii ina historia kuliko zote: umbo lake lililobapa lilibuniwa Ujerumani na madaktari wa meno Wilhelm Balters na Adolf Müller, na jina likaanza mwaka 1956. Shida yangu ni namna wauzaji wanavyoliuza hilo umbo, kana kwamba mtoto akinyonya hii hadi aanze shule meno yatabaki yamenyooka. Kinachoharibu mpangilio wa meno zaidi ni saa na miaka. Mtoto anayenyonya mchana kutwa na usiku kucha, miaka inapita, meno ya mbele ya juu na ya chini yanaacha kukutana, na kaakaa linabanwa, iwe chuchu imebapa au ya duara. Madaktari wa meno ya watoto wanashauri tabia hii iachwe kufikia miaka 3. Halafu chuchu iliyobapa ina juu na chini, na mtoto anaigeuza kwa ulimi bila kukuomba ruhusa. Kwa upande wa maji, hali ni ile ile ya vipande.

Ya nne ni BIBS ya Denmark, na hapa najua nitagombana na watu. Ni nzuri kwa picha, nyepesi, laini, na mtoto aliyekataa silikoni mara nyingi huikubali hii kwa sababu matoleo yake yanayojulikana zaidi ni ya mpira asilia. Mpira asilia una joto lake mdomoni. Lakini jua na joto vinauchosha upesi: unapauka, unavimba, unanata, na wenyewe wanakuambia ubadilishe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Una katundu, unashika maji, na rangi yake ya kahawia inakuficha usione kilichomo hadi kimekuwa kingi. Ukoo wenye mzio wa mpira msiiguse kabisa.

Hapo ndipo hasira yangu ya bei inapopanda. Chuchu ya wiki 6 inauzwa kama pambo la kudumu, tena mbili mbili kwenye pakiti, rangi moja uliyoitaka na nyingine ambayo haikuwa ikinunuliwa. Unataka ukubwa wa mchanga tu, unakuta zimefungwa pamoja na za mtoto mkubwa, eti seti ya zawadi. Mchanga anaweza kuikataa chapa nzima kwa siku moja, na hakuna duka litakaloipokea tena, sawa, ni kitu cha mdomoni. Basi wauze moja moja! Mpaka siku hiyo, nunua pakiti ndogo kuliko zote na umjaribu mtoto kabla hujajaza kabati.

Za bei nafuu zisizo na jina: ukikuta kipande kimoja cha silikoni, kisahani kipana, na alama ya EN 1400, kiwango cha usalama cha Ulaya cha chuchu bandia, kwenye pakiti, ivute na uibinye, unaweza kupona. Zenye shanga, vito vya kubandika na nywele za mdoli, pita tu.

Na zile zenye asali ndani, usikubali hata zawadi. Mwaka 2018 watoto wachanga 4 wa Texas walilazwa kwa botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli, baada ya kutumia chuchu zilizojazwa asali. Mtoto chini ya mwaka 1 hapewi asali, wala ya kuchovya, haijalishi bibi alikulea vipi.

Kamba je? Ya kuning'iniza shingoni, hapana. Klipu ya kubana kwenye nguo inafaa akiwa macho, na kipimo cha Ulaya hakizidi milimita 220, kwa sababu ndefu zaidi inaweza kuzunguka shingo. Akilala, itoe.

Kuna wanaoniuliza wanunue lini. Kama ananyonya maziwa ya mama, subiri kunyonya kukae sawa, kwa kawaida wiki 3 au 4. Shirika la Afya Duniani, katika hatua zake 10 za kufanikisha unyonyeshaji za mwaka 1989, lilikataza chuchu bandia kwa watoto wanaonyonya. Mwaka 2018 likalegeza na kutaka mama aelezwe matumizi na madhara yake aamue. AAP nao wanashauri kumpa anapolala, kwa kuwa inahusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Ikimtoka akiwa amelala, iache. Baada ya miezi 6 anza kuipunguza, maana watoto wanaoendelea nayo hupata zaidi maambukizi ya sikio la kati.

Kuhusu mtoto anayenyonya kidole gumba badala ya chuchu, dukani kuna mambo mawili na yote yananisumbua. Mafuta machungu ya kucha, ambayo mtoto anayazoea au anayapeleka machoni, na mifuniko ya plastiki ya kidole ambayo, mtakisia, inabaki na maji na mate ndani baada ya kila kunyonya. Mtoto hunyonya kidole tangu tumboni, picha za mawimbi ya sauti (ultrasound) zinaonyesha, na wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Kabla ya hapo usinunue chochote. Akipita hapo na meno ya mbele hayakutani, hiyo ni kazi ya daktari wa meno, ambaye ana kifaa cha kukibandika kwenye kaakaa. Hakiuzwi dukani, na mtu akikuuzia kwenye simu kwa maelezo ya "dawa ya kuacha kidole ndani ya usiku mmoja", mwulize kwanza kinaoshwa vipi kwa ndani.