Uzoefu wangu wa kutafuta hati za kifo hapa Lubumbashi

Nimefuatilia hati mbili za kifo hapa Lubumbashi, na njia nilizopitia hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya baba yangu mkubwa, aliyefariki hospitalini, na jamaa wakaanza kushughulikia karatasi zake kilio kikiwa bado hakijaisha. Ya pili ni ya babu mzaa baba, aliyefariki enzi za Zaire: walimzika kwa heshima zote, lakini hakuna aliyepita komini, yaani ofisi ya utawala ya sehemu ya mji, kumwandikisha. Kwa hati ya kwanza ninaisifu huduma bila kusita. Kwa ya pili ninaisifu pia, ila mwenye haja lazima awe amekusanya ushahidi wake kabla ya kukanyaga ofisini, la sivyo atazungushwa hadi akate tamaa.

Jambo linalowachanganya watu wengi mjini ni kwamba karatasi inayotolewa na hospitali si hati ya kifo. Hospitali hutoa cheti cha daktari, kinachothibitisha kwamba fulani amefariki, siku gani na saa ngapi. Kwa cheti hicho jamaa huomba kibali cha kuzika, na baada ya mazishi wengi huviweka vyote viwili ndani ya bahasha wakiamini kwamba kazi imekwisha. Hati yenyewe, ambayo juu yake utasoma maneno «acte de décès», hutolewa na ofisa wa état civil, yaani wa kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, kwenye komini, naye huitoa baada ya mtu kwenda kutangaza kifo na kikaandikwa kitabuni. Ofisi ya pensheni, mahakama, benki na ofisi ya ardhi zote zinaitaka hiyo, na cheti cha daktari peke yake hurudishwa.

Kwa upande wa baba mkubwa, tulielekezwa kwenye komini ambamo hospitali ipo, wala si ile aliyokuwa akiishi marehemu. Mji wetu una komini saba, yaani Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe, na mtu anayeishi Ruashi anaweza kupoteza nauli bure akianza nyumbani kwake. Afadhali kuuliza hospitalini kabla ya kuondoka. Tulibeba cheti cha daktari, kibali cha kuzika, kadi ya uchaguzi ya marehemu, ambayo hapa Kongo ndiyo kitambulisho cha walio wengi, hati yake ya ndoa, pamoja na kadi za mashahidi wawili tulioombwa kuwaleta.

Mama aliyetupokea gisheni, yaani kwenye dirisha la huduma, alifanya kazi ambayo ningependa kila komini iige. Kabla ya kugusa kitabu kikubwa cha kuandikia vifo, alichukua karatasi ya rafu, akaandika kila kitu kwa kalamu ya risasi, kisha akatusomea mstari kwa mstari kwa sauti: jina la marehemu, jina la pili, jina la ubatizo, majina ya wazazi wake, kazi, makazi, saa ya kufariki. Alipofika mahali pa kuzaliwa alisimama, akamgeukia mjane.

«Mama, kadi ya marehemu inasema alizaliwa Jadotville, na cheti cha hospitali kinasema Likasi. Tuandike upi?»

«Andika Likasi, mama. Ni mji ule ule.»

Mtu mwingine angeandika moja bila kuuliza, na baadaye ofisi nyingine ingedai kwamba karatasi zinahusu watu wawili. Miji yetu ilibadilishwa majina mwaka 1966, Elisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi, na wazee waliozaliwa kabla ya hapo bado wanabeba majina ya zamani kwenye karatasi zao. Ninawasihi wasomaji wasikubali kitabu kitiwe sahihi kabla hawajasomewa kila neno, kwa sababu herufi moja iliyokosewa kitabuni haisahihishwi kwa kufutwa na kuandikwa juu yake. Marekebisho yake hupitia mahakamani.

Hati hiyo ndiyo iliyomfungulia mama mkubwa mlango wa pensheni ya mjane kwenye CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao wengi bado huiita INSS kwa jina lake la zamani. Walimtaka hati ya kifo, hati ya ndoa na hati za kuzaliwa za watoto walio chini yake, na majina katika karatasi hizo zote yalipaswa kulingana. Kwa kuwa yule mama wa gisheni alikuwa ameshayalinganisha, faili lilipokelewa bila maswali.

Kasoro ninayopaswa kuitaja ni ya malipo. Katika ofisi moja kati ya tulizopitia, mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango alitudai fedha za «kuharakisha» na hakutaka kutoa risiti, na waliokuwa ndani walimwona wakanyamaza. Familia yenye msiba huwa imechoka na haina nguvu ya kubishana, ndiyo maana tabia hiyo inaniuma sana. Sisi tuliingia moja kwa moja hadi gisheni, tukaomba kuonyeshwa bei iliyobandikwa, tukalipa na kupokea risiti. Faili letu halikucheleweshwa kwa sababu hiyo.

Hati ya babu ilikuwa safari nyingine. Tuliihitaji kwa ajili ya lupango lake, yaani kiwanja chake, kwa sababu warithi hawawezi kumteua msimamizi wa mirathi wala kubadilisha jina kwenye karatasi za lupango ikiwa kwa serikali mwenye mali angali hai. Sheria ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka muda wa kutangaza kifo, na muda huo ukishapita komini haiandiki tena kwa neno la jamaa peke yake. Inabidi kwenda kwenye mahakama ya amani kuomba hukumu inayoshika nafasi ya tangazo lililokosekana, ambayo makarani huiita «jugement supplétif», kisha hukumu hiyo ipelekwe komini ikanakiliwe kitabuni. Hakimu anataka mashahidi waliomjua marehemu, na anataka pia maandishi, na hapo ndipo watu wengi hukwama.

Maandishi ya kwanza tuliyapata parokiani. Parokia za Kikatoliki huandika vifo katika kitabu tofauti na kile cha ubatizo, na katibu wa parokia yetu, baada ya kutuuliza mwaka kwa kukadiria tu, alikaa na vitabu hivyo mchana mzima akifuata safu kwa kidole mpaka akamwona babu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: jina la ubatizo, jina la mkewe, tarehe ya kufariki, tarehe ya maziko, na jina la padri aliyemzika. Alituandikia nakala yenye muhuri. Ninamshukuru kwa dhati, kwani hakuwa na wajibu wowote wa kisheria wa kutusaidia.

Shida ilikuwa kwenye jina. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliamuru watu waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu, kwa hiyo kanisa lilimwandika babu kwa jina la ubatizo, na kadi yake ya kazi ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikambeba kwa jina la ukoo na la pili tu. Mtu asiyemjua angeapa kwamba hao ni wanaume wawili. Kilichotuokoa ni jina la bibi, lililokuwa sawa pande zote mbili, na ushuhuda wa shangazi mkubwa aliyeeleza mbele ya hakimu jinsi kaka yake alivyobadilisha jina. Anayemtafuta mzee wa kizazi hicho atafute kwa majina yote, na amtafute pia mwenzi wake.

Kuhusu matangazo ya kifo, tuliuliza redioni kama maandishi ya komunike za zamani bado yapo. Ya enzi za babu hayakuwepo tena, ila ya miaka ya karibuni yamehifadhiwa kwenye majalada, na karani alitupatia kopi ya tangazo la baba mkubwa bila usumbufu. Komunike si hati na hakimu haichukui kama uthibitisho kamili, lakini inataja tarehe, mahali pa kilio, saa ya maziko na orodha ndefu ya jamaa, na orodha hiyo ndiyo inayokuonyesha ni nani wa kumwita kuwa shahidi. Ningewaomba watu watunze maandishi hayo pamoja na kijitabu cha misa ya marehemu, na wapige picha ya msalaba kaburini ungali unasomeka, kwa maana wa babu ulikuwa wa mbao na herufi zake zilishafutika.

Mahakama ilisikiliza shauri letu kwa utulivu, na hakimu alimwacha shangazi azungumze Kiswahili chake bila kumkatiza. Baada ya hukumu tulisubiri muda wa rufaa uishe, tukachukua cheti cha karani kinachosema kwamba hakuna aliyepinga, ndipo komini ikanakili. Asiyejua kuhusu cheti hicho hurudishwa mlangoni, basi akiombe siku ile ile anapochukua nakala ya hukumu.

Tuliomba nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa mkupuo mmoja, moja ikabaki kwa msimamizi wa mirathi, nyingine ikaenda kwa ndugu yetu aliye Ubelgiji, ambaye kwake ilihitaji pia kuhalalishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, Kinshasa, kabla ya kupokelewa. Mwenye jamaa ng'ambo aanze na hatua hiyo mapema, kwa sababu ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote.