Fundi wa vipakatalishi karibu na soko la Marikiti, Mombasa: tathmini ya mteja aliyekwisha kubadilishiwa tundu bila sababu

Kwa muda wa miezi minne kipakatalishi changu kilikuwa na ugonjwa ambao kila niliyemweleza hakuusadiki mpaka alipouona kwa macho yake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na jioni hurekodi masomo ya ushairi kwa ajili ya wanafunzi wangu, nikitumia hedifoni yenye maikrofoni ambayo huchomekwa katika tundu la kawaida la ubavuni. Nilipoichomeka wakati mashine iko kimya, haikutambuliwa. Orodha ya vifaa vya sauti ilibaki na maikrofoni ya ndani peke yake. Nilipoanza kurekodi, maneno ya kwanza yaliingia kupitia maikrofoni hiyo ya ndani, sauti yangu ikasikika kama ya mtu aliyeingia ndani ya pipa, kisha baada ya sekunde moja hivi mashine ikaiona hedifoni na sauti ikawa safi katikati ya neno. Kila shairi nililorekodi lilipoteza mshororo wake wa kwanza kwa namna hiyo.

Duka la kwanza nililokwenda, ambalo sitalitaja, lilitoa hukumu kabla ya kukifungua kipakatalishi: chumvi ya bahari imekula tundu. Hapa Mombasa hukumu hiyo haikosi wa kuiamini, kwa kuwa chumvi imekula mabati na bawaba za milango yetu sote, na mimi ninayeishi Likoni, hatua chache kutoka majini, sikuwa na hoja ya kubisha. Tundu likabadilishwa kwa shilingi 3,500. Ugonjwa ukabaki palepale, na niliporudi wakaongeza mstari fulani katika mipangilio ya draiva ya sauti, yaani programu inayoendesha kifaa cha sauti, wakaniambia niipe mashine muda izoee.

Fundi ninayemwandikia tathmini hii anafanyia kazi ghorofani, nyuma ya Marikiti, katika chumba ambacho feni yake ina kelele kuliko mashine zote anazozitengeneza. Nilimkuta na bisibisi mfukoni, lakini kwa saa nzima ya kwanza hakuigusa. Aliniomba niuonyeshe ugonjwa mara tatu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, nikicheza wimbo kwanza ndipo nikachomeka hedifoni, inatambuliwa? Tukajaribu kwa kaswida iliyokuwa ndani ya mashine, na hedifoni ikaonekana papo hapo. Akatabasamu, akasema, "Mwalimu, kutu haiamshwi na kaswida."

Maelezo yaliyofuata ndiyo sehemu ya huduma hii niliyoithamini kuliko matengenezo yenyewe. Kipakatalishi changu, kinachotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux, kina mfumo wa sauti ambao Intel iliutoa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa AC'97. Katika mfumo huo kuna pande mbili: kidhibiti, kinachozungumza na kumbukumbu ya mashine, na kodeki, chipu inayoshika maikrofoni, spika na tundu la hedifoni. Mtu anapochomeka hedifoni, kodeki hutuma taarifa ambayo haikuombwa, na kidhibiti hupiga hodi kwa prosesa. Hodi hiyo ndiyo interapti. Draiva inapaswa kuitika upesi, isome rejista, yaani kijisanduku cha taarifa ndani ya kifaa, kujua nani amebisha na kwa jambo gani, ikiri kwamba imesikia, kisha iiache kazi ndefu ifanywe baadaye kidogo, kwa kuwa mwenye nyumba anayeanza mazungumzo marefu mlangoni huwachelewesha wageni wengine wote.

Shida ni kwamba draiva za siku hizi hulaza vifaa ili kubana betri. Katika mashine yangu, sekunde 10 baada ya sauti ya mwisho, kodeki hulala, na kidhibiti nacho hulala. Kilicholala hakiwezi kupiga hodi ya kawaida. Hapo inahitajika ishara nyingine, ya kuamsha, inayopita njia yake yenyewe, na ni lazima draiva iwe imeiwasha kabla ya kulala, na bayosi, programu ya msingi inayoiwasha mashine, iwe imeiandalia njia. Fundi alilifananisha jambo hilo na mpiga ngoma wa daku: akipita mtaa wa pili, wewe utalala mpaka alfajiri, si kwa sababu masikio yako ni mabovu. Ukianza kurekodi, draiva huamsha kifaa kwa ajili ya kazi hiyo, na kinapoamka huulizwa upya hali ya tundu. Ndiyo maana hedifoni yangu ilionekana kila mara, ila kwa kuchelewa.

Hakuniomba nimwamini kwa maneno. Alifungua faili la /proc/interrupts, ambalo Linux huandika humo hesabu ya hodi zilizopigwa na kila kifaa, akanionyesha mstari wa draiva iitwayo snd_hda_intel. Kwanza alicheza sauti moja kwa moja, bila kupitia seva ya sauti (programu inayosimamia sauti za programu nyingine), sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, bafa (akiba ya muda ya sauti) ikiwa imegawanywa katika vipande vya sampuli 1,024. Kila kipande kinapokwisha kifaa hubisha kuomba kingine, kwa hiyo zinatarajiwa hodi 47 hivi kwa sekunde. Tulihesabu kwa sekunde kumi, na nambari ikapanda kwa 470 kasoro kidogo. Akasimamisha sauti, na kabla kifaa hakijalala akachomeka hedifoni: nambari ikasogea. Akaichomoa, akasubiri hadi faili jingine dogo liseme kwamba kifaa kimelala, akachomeka tena. Nambari haikusogea. Alichomoa na kuchomeka mara tano huku mimi nimekikodolea macho kioo, na tarakimu zile zikakaa kama zilizochongwa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba zile shilingi 3,500 nilizilipa bure.

Aliukuta pia ule mstari ulioongezwa na duka la kwanza, na hapo uso wake ulibadilika kidogo. Ulikuwa umeizuia sauti isitumie njia ya kisasa ya interapti, ambayo kifaa hubisha kwa kuandika ujumbe kwenye anwani maalumu, ukairudisha kwenye waya wa kale ambao vifaa kadhaa hushirikiana. Katika waya wa ushirika kila draiva huulizwa kama hodi ni yake, nayo hupaswa kusema kweli. Keneli, yaani kiini cha Linux, ikiona kwamba katika hodi 100,000 zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe, huufunga waya wenyewe, na vyote vilivyoutegemea hupata hasara. Mashine yangu haikufika huko, lakini mstari ule haukuwa na faida yoyote, akaufuta.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi mno kulinganisha na uchunguzi. Alisasisha bayosi kwanza, kwa matumaini kwamba mtengenezaji amekwisha kuisahihisha njia ya kuamshia, haikusaidia. Kisha akaweka mpangilio wa power_save kuwa sifuri, yaani sauti isilazwe kabisa, akaiwasha mashine upya na kulirudia jaribio lote tangu mwanzo. Safari hii kila tulipochomeka, nambari ilisogea na maikrofoni ikatokea katika orodha. Alinieleza kwamba ipo njia nyingine, ya kuiagiza draiva iende kuulizia hali ya tundu kila baada ya muda badala ya kungoja hodi, lakini hakuona haja yake kwa mtu ambaye hurekodi akiwa mezani na chaja ikiwa ukutani. Nimekubaliana naye. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba ule mlio mdogo wa "tik" uliokuwa ukisikika kila sauti ilipolala umetoweka.

Lazima niseme kwamba alichofanya si kuponya. Ishara ya kuamsha bado haifiki. Yeye ameizunguka kwa kukikesheza kifaa, na alilisema hilo mwenyewe kabla sijalipa. Betri hupungua haraka kidogo, ingawa katika matumizi yangu tofauti haijanisumbua.

Malalamiko ninayo. Aliniambia nifike saa nne asubuhi, nami nikavuka feri mapema kwa ajili hiyo, nikamkuta amefika saa tano na robo bila neno la udhuru. Hana risiti. Nilipomwomba aniandikie alichobadilisha, alitaka kuniambia kwa mdomo, nikashikilia, mwishowe akaandika mistari miwili nyuma ya kasha la chaja. Karatasi hiyo ninayo, na itanifaa siku nitakapoweka upya mfumo wa uendeshaji na mpangilio ule ukapotea. Dhamana yake ni ya maneno tu: "Ikikusumbua, rudi." Bei ilikuwa shilingi 1,500, nikalipa kwa M-Pesa, na sidhani ni nyingi kwa saa mbili na nusu za mtu anayepima kabla ya kuyeyusha risasi ya kulehemu.

Nampa nyota nne kati ya tano, ile ya tano nikiizuia kwa sababu ya saa na risiti. Anayekwenda kwake kwa tatizo la sauti achukue hedifoni yake mwenyewe, kwa kuwa ile ya pale dukani ina waya uliokatika na kuungwa mara mbili, na asiende Ijumaa baada ya saa sita, kwa sababu mlango hufungwa na haufunguliwi tena mpaka alasiri.