Bima ya afya ya familia Ujerumani: uzoefu wangu, mwanafunzi wa kutoka Moshi

Niko Moshi likizo, na kila nikikatiza mjini nakutana na kijana anayejiandaa kwenda kusoma Ujerumani: "Kaka, bima ulikata wapi?" Naandika mara moja, niwe natuma hii.

Niliondoka Septemba 2024 nikiwa na miaka 28, mke, na binti wa miaka minne mwenye pumu. Umri nautaja makusudi. Bima ya umma ya kule ina bei ya wanafunzi mpaka ufikishe miaka 30. Ukivuka hapo hesabu ni nyingine, usinifuate mimi.

Kabla ya safari nilishapenda bima ya kampuni moja binafsi inayojitangaza kwa wanafunzi wageni, chini kidogo ya euro 40 kwa mwezi. Ile ya umma, yaani mifuko kama TK, AOK, Barmer na wenzao, ilikuwa euro 120 na ushee. Ukiwa umekaa Kiboriloni unazigeuza euro kuwa shilingi, unakimbilia ya bei ndogo bila kuomba ushauri. Aliyenishika mkono ni dada mmoja wa Kibosho aliyenitangulia kule. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo arobaini ni ya kichwa kimoja au ya nyumba nzima?"

Kichwa kimoja. Sisi tuko watatu, kwa hiyo unafuu wote ukayeyuka.

Bima ya umma inafanana na NHIF ya mtumishi: anachangia mmoja, mwenza na watoto wanaingia mgongoni mwake. Sharti ni kwamba waishi kule Ujerumani na wasiwe na kipato chao cha maana. Hawaongezi hata senti, na hakuna anayeuliza mtoto alianza kuumwa lini. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lililomaliza mjadala.

Kuna jambo ambalo mawakala hulipitia haraka. Mwanafunzi akitaka bima binafsi, anaomba kuondolewa kwenye ya umma ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Akishaondolewa harudi mpaka amalize masomo yake. Namjua mwenzetu aliyesaini akiwa kapera. Sasa ameoa na mke ana mimba, na kifurushi chake hakimtambui mke kabisa.

Hata mimi mkenge niliingia, mdogo. Mke na binti walinifuata Desemba, nikawakatia ile ya bei ndogo ya mwezi mmoja kwa ajili ya viza. Wiki ya pili baridi ikamkamata mtoto kifua, tukakimbia hospitali usiku. Kampuni ikajibu kwa adabu sana kwamba pumu ni ugonjwa wa tangu zamani, hailipi. Ankara ikakaa juu ya friji nikawa naiangalia kila asubuhi. Kilichotuokoa ni kwamba fomu ya familia ilipopita, bima ya umma ilihesabiwa kuanzia siku walipohamia kwangu, siyo siku karatasi zilipokubaliwa. Fomu yenyewe ilichelewa kwa uzembe wetu: wanataka cheti cha ndoa na cha kuzaliwa mtoto, vyenye tafsiri, na cheti chetu cha ndoa kilikuwa kwenye sanduku la mama mkwe, Marangu. Hicho cha kuzaliwa mtoto kilinifaa mara mbili, maana mwenye mtoto hukatwa pungufu kuliko asiye na mtoto kwenye mchango wa matunzo ya wazee na wagonjwa.

Kasoro zipo. Miwani ya mtu mzima usitegemee walipe; mke wangu kaisubiri hii likizo, kaitengeneza hapa hapa Moshi kwa nafuu. Dawa za mtu mzima unachangia kati ya euro 5 na 10, ila za mtoto hatujawahi kutoa kitu, hata inhela.

Halafu kadi ile haifiki Tanzania. Nyuma yake kuna kadi ya Ulaya, inapendeza tu. Kabla ya kupanda ndege nilikata bima ya safari ya mwaka, na wiki iliyopita binti alipokohoa usiku mzima tulilipa taslimu, nikadai risiti yenye muhuri ili nikadai marejesho nikirudi.

Shemeji yangu naye anaondoka Septemba na mke na watoto wawili. Nimemwambia aanze na vyeti. Anasema bado mapema.