Tua ya Mji Mkongwe Bagamoyo: stori nzuri, maji hamna

Jumamosi tulizungushwa Mji Mkongwe, 20,000 kwa kichwa, na aisee hela haijapotea. Jamaa anayetembeza anajua kazi yake, pale kwenye boma la Mjerumani akatupa stori ya vita vya Abushiri, yule aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani; wao waliandika eti "uasi wa Waarabu" wakati Waswahili wa pwani walikuwemo kibao, mpaka Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Sasa kwenye kundi letu kulikuwa na dada mmoja katoka Nyuzilandi, Mmaori, yaani wale wenyeji wa asili wa kule, akasema kwao hivohivo, mkoloni ana stori yake na wenyeji wana yao: Rangiaowhia, Februari 1864, jeshi la Uingereza lilivamia kijiji alfajiri, nyumba ikaungua na watu ndani, Waingereza wanataja waliokufa 12 hivi, Wamaori wanasimulia wengi zaidi, wanawake na watoto humo humo, tena wanasema pale palikuwa kimbilio la wasiopigana. Mtembezaji kimyaa, mi nywele zikasimama.

Kilichoniudhi tulianza wamechelewa saa zima na maji hawatoi, jua la Bagamoyo si mnalijua, bila mama wa madafu pale ufukweni tungezimia. Nyota 4.